Narudi kazini mtoto ana miezi minne: maziwa, mlezi, bosi na mume, naanzia wapi?

mama_kifungua
Habari zenu wakuu. Likizo yangu ya uzazi inaisha baada ya wiki tatu. Mtoto anakaribia miezi minne, ananyonya tu na hajawahi kunywa kwenye chupa. Kazi ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nikijumlisha na njia nitakuwa nje ya nyumba kama masaa 10. Nataka kujua niweke akiba ya maziwa kiasi gani, nimwambie nini bosi kuhusu kukamua kazini, kazi za nyumbani tugawane vipi na mume wangu bila kugombana kila jioni, na mlezi nimwachie maelekezo gani. Kutiwa moyo nimeshatiwa vya kutosha, naomba namba na hatua.

bi_mkunga
Hongera mwanangu. Naanza na maziwa maana hofu nyingi hapo inatokana na hesabu mbovu.

Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya tu hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa masaa 24, na kiasi hicho hakipandi sana ndani ya miezi hiyo. Gawa kwa 24, unapata kama mililita 30 kwa saa. Kuna watoto wanaofika 40. Kwa masaa 10 basi ni mililita 300 hadi 400. Zipakie kwenye vipimo vidogo vya 60 hadi 120, kwa sababu alichobakiza mtoto hakirudishwi kwenye friji, na ukipakia 200 mara moja utamwaga nusu yake.

Kujaza friza si sharti. Unachohitaji ni maziwa ya siku ya kwanza pamoja na akiba ya siku moja au mbili, ya kufidia yakimwagika au ukichelewa. Kuanzia siku ya pili mtoto anakunywa ulichokamua jana yake. Ukikamua kupita kiasi kwa ajili ya kujaza friza, matiti yanaelewa kwamba una mapacha, yanazidisha, na ndipo uvimbe unapoanza.

Anza leo. Kamua mara moja tu kwa siku, asubuhi, nusu saa hadi saa nzima baada ya mtoto kunyonya. Asubuhi ndipo maziwa yanapokuwa mengi kwa akina mama walio wengi. Siku za mwanzo utapata 20 au 30, usitishike: hayo ni ya juu ya mahitaji ya mtoto, na mwili unachukua siku kadhaa kuelewa kwamba kuna mnywaji mwingine.

Kwa mkono: nawa kwa sabuni, weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini, kama sentimita nne nyuma ya ncha ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, minya vidole vikaribiane, achia, rudia. Usisugue ngozi wala usivute chuchu, utajiumiza bure. Titi moja dakika tatu hadi tano, mtiririko ukipungua hamia la pili, kisha rudi la kwanza. Dakika 20 hadi 30 jumla zinatosha.

Muda wa kuhifadhi, huu uubandike mlangoni mwa friji. Yaliyokamuliwa sasa hivi: nje ya friji, joto lisizidi nyuzi 25, hadi masaa 4. Ndani ya friji hadi siku 4. Kwenye friza yatumike ndani ya miezi 6, mwisho kabisa 12. Yaliyogandishwa na kuyeyushwa kwenye friji: masaa 24 tangu yayeyuke yote, na hayagandishwi tena. Yakishapashwa ni masaa 2. Aliyobakiza mtoto, masaa 2 tangu aache kunywa, kisha mwaga hata kama roho inauma. Penye joto kuliko nyuzi 25 usitegemee yale masaa manne, yaingize kwenye ubaridi papo hapo. Boksi la kupoozea lenye barafu iliyoganda sawasawa linayashika hadi masaa 24.

Mfuko usijazwe hadi juu, maziwa hutanuka yakiganda. Andika tarehe kabla ya kumimina, wino haushiki kwenye mfuko uliolowa. Yaliyotoka sasa hivi yapoze kwanza ndipo uyachanganye na ya baridi.

tausi_mweupe
Nakazia kwa bi mkunga. Naongeza upande wa pampu, maana hapa ndipo wengi wanaamini maziwa yamekauka kumbe kifaa ndicho kibovu.

Tazama koni, ile sehemu inayokaa kwenye titi. Chuchu inatakiwa iende mbele na nyuma katikati ya tundu bila kukwaruza pembeni. Ikisugua na kuwa nyekundu, tundu ni dogo. Ikivutwa sehemu kubwa ya duara jeusi, tundu ni kubwa. Pampu nyingi zinauzwa na koni ya milimita 24 au 28 tu, na kuna akina mama wengi ambao zote mbili haziwafai. Pima upana wa chuchu, usiingize lile duara, ndipo uagize saizi.

Nguvu ya kuvuta ikipungua ghafla, chunguza vile vivalvu vidogo vya mpira kabla ya kitu kingine chochote. Vikichanika hata kidogo hewa inapita na huoni tofauti kwa macho. Nunua vya akiba mapema. Na usipandishe nguvu mpaka mwisho: maumivu yanazuia maziwa kushuka. Panda hadi pale panapoanza kukera, halafu shusha hatua moja.

Ya kukamua matiti mawili kwa pamoja inakuokolea karibu nusu ya muda. Kwa anayekamulia ofisini tofauti hiyo ni kubwa sana.

binti_wa_jioni
Nafuatilia huu uzi kwa makini. Wa kwangu nikimpa chupa anageuza uso analia. Na maziwa niliyoyeyusha yananuka kama sabuni, yameharibika?

bi_mkunga
Harufu ya sabuni kwa kawaida si uharibifu. Ni kimeng'enya cha lipasi kilichomo kwenye maziwa yenyewe, kinaendelea kuvunja mafuta hata kwenye baridi. Ni salama, ila watoto wengine hawaipendi ladha yake. Siku zijazo, kabla ya kugandisha, pasha maziwa mapya kwenye sufuria hadi vipovu vidogo vitokee pembeni, yasichemke, ondoa motoni, poza haraka, gandisha. Yaliyokwisha kunuka hayarekebishiki kwa njia hii. Yakiwa na harufu kali ya kuchacha, mwaga.

Kuhusu kukataa chupa. Asiwe mama anayetoa, na ikiwezekana mama awe nje ya nyumba, mtoto anakunusa. Mpeni akiwa ametulia na njaa ndiyo inaanza. Akishalia kwa njaa hana subira ya kujifunza kitu kipya. Mkalisheni wima, gusisheni chuchu ya chupa mdomoni asubiriwe afungue mwenyewe. Chupa ilazwe karibu usawa, isiinuliwe, ili maziwa yasimiminike kwa kasi. Kila baada ya mikupuo kadhaa ishusheni, apumzike. Akigeuza kichwa au akifumbata midomo ameshiba, asilazimishwe kumaliza. Mlezi anayemwinulia chupa hadi iishe ndiye anayefanya mama aonekane hatoi maziwa ya kutosha.

Dakika kumi za kujaribu kwa siku zinatosha. Akikataa kabisa, tumieni kikombe kidogo kisicho na mfuniko: mtoto awe wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni tu, ayalambe mwenyewe. Usimwagie. Na kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Kupasha ni ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Maikrowevu hapana, sehemu moja inaunguza na nyingine bado baridi.

kalamu_nyekundu
Nafanya kazi ya rasilimali watu, nijibu la bosi.

Dada, usimvizie siku ya kwanza ukiwa na pampu begani. Andika barua pepe wiki mbili kabla, aya tatu tu. Aya ya kwanza: tarehe ya kurudi. Ya pili: unachohitaji, kwa saa. Mfano, vipindi vya dakika 20 hadi 30 saa nne na nusu, saa saba na nusu ndani ya mapumziko ya mchana, na saa kumi. Chumba kinachofungwa kwa ndani chenye soketi. Nafasi kwenye friji. Andika waziwazi kwamba choo hakifai, kwa sababu ni chakula cha mtu kinaandaliwa, na ofisi nyingi hutaja choo bila kufikiri. Ya tatu ndiyo inayoamua jibu: kazi zako zitaendaje katika vipindi hivyo, nani anapokea simu, na mpangilio huu mtaupitia pamoja lini. Pendekeza miezi mitatu. Meneja anakubali kwa urahisi kitu chenye tarehe ya kukikagua.

Kabla ya kuandika, soma sheria ya kazi ya nchi yako na mkataba wako wa ajira. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na mama anayenyonyesha apate kipindi kimoja au zaidi kila siku au apunguziwe saa, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi na ulipwe. Nchi zilizouridhia ni baadhi tu, lakini nyingi zina kifungu chao kuhusu kunyonyesha. Ukikikuta, kitaje kwa namba kwenye barua. Haki ukiiomba kama hisani utapewa kama hisani, na meneja mpya akija ataifuta.

Ukikubaliwa kwa mdomo, rudi kwenye meza yako uandike: "Asante, kama tulivyokubaliana leo..." kisha orodhesha. Vipindi viweke kwenye kalenda ya ofisi kama kikao. Usipoviweka, watu watapanga vikao juu yake bila nia mbaya yoyote.

Na jambo linalosahaulika: tathmini ya mwaka. Muulize meneja sasa kama malengo yatapimwa kwa miezi uliyofanya kazi au kwa mwaka mzima. Malengo ya miezi 12 yakipimwa kwa kazi ya miezi minane, alama itashuka na nyongeza ya mshahara itapita pembeni.

Kama una uwezo wa kuchagua siku, anza Jumatano au Alhamisi. Wiki ya kwanza iwe fupi.

baba_wa_zamu
Hili la mume niachieni, na akina baba wenzangu msome.

Ugomvi wa jioni mara nyingi hauanzi kwa nani ameosha vyombo. Kila kazi ya nyumbani ina sehemu tatu: kukumbuka, kupanga na kutenda. Mwanamume anayesema "niambie nisaidie nini" amechukua ya tatu, mbili za kwanza amemwachia mkewe, na hizo ndizo zinazochosha akili. Kwa hiyo shemeji, usigawe vitendo, gawa kazi nzima nzima.

Chukua mfano wa chanjo. Kumkabidhi mume chanjo si kumwambia Ijumaa ampeleke mtoto. Ni yeye kuijua tarehe, kuitunza kadi, kuomba ruhusa kazini, kubeba nguo za kubadilisha, kuuliza chanjo inayofuata ni lini na kuiandika. Hivyo hivyo nguo za mtoto: aone zimebana, ajue saizi inayofuata, anunue, atoe zilizopitwa. Akikosea mara ya kwanza usiipokonye kazi. Ukiipokonya ndiyo umeichukua moja kwa moja. Ila kubalianeni mapema kiwango cha chini: chupa zioshwe kwa sabuni na brashi zikiwa zimefumuliwa vipande vyote, zikauke wazi. Jinsi anavyokunja nguo, mwachie.

Kaeni dakika 20 kila Jumapili, simu mbali: wiki ijayo nani anatoka mapema, nani anarudi kwanza, mtoto akiugua nani anabaki nyumbani. Hilo la mwisho liamuliwe kabla, saa kumi na mbili asubuhi mtoto akiwa na homa si saa ya kujadiliana kazi ya nani ni muhimu zaidi.

Usiku, gawaneni zamu. Baba ashike mtoto kuanzia saa mbili hadi saa sita, mama alale mfululizo baada ya kunyonyesha, kisha mama ashike kuanzia hapo. Hata kama mtoto ananyonya, baba anaweza kumbadilisha nepi, kumleta, kumcheulisha na kumrudisha. Na yeyote anayemshika usiku asikae naye kwenye kochi akiwa na usingizi: kusinzia na mtoto mchanga kwenye kochi ni hatari kubwa. Mtoto alale chali, sehemu ngumu na bapa, bila mto.

La pesa pia. Wengi wanatoa gharama ya mlezi kwenye mshahara wa mama halafu wanasema "hainilipi kufanya kazi". Mtoto ni wa wawili, gharama itolewe kwenye vipato vyote viwili. Kisha jumlisha michango ya uzeeni, bima na vyeo ambavyo mama atavikosa akikaa nje miaka mitatu.

mama_kifungua
Asanteni sana, nimeanza kunakili. Mawili yamebaki: mlezi, na mama mkwe anayesisitiza mtoto apewe maji. Na kuna swali la faragha, watu wanarudiana lini kitandani? Sina hamu kabisa na naogopa mimba.

baba_wa_zamu
La mama mkwe ni la mumeo, si lako. Kila mtu azungumze na wazazi wake. Aseme "tumeamua", asiseme "mke wangu hataki".

bi_mkunga
Na hoja ya kumpa mkwe ni hii: maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87, kwa hiyo hata wakati wa joto mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji. Maji yanajaza tumbo dogo, anapunguza kunyonya, na yakiwa si safi yanaleta kuhara. Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mlezi aanze kabla hujaondoka. Siku chache za mwanzo afanye kazi wewe ukiwepo, zinazofuata utoke masaa mawili, kisha nusu siku. Andika ukurasa mmoja: namba zenu wawili, ya jirani, ya hospitali na anwani ya nyumba (mtu aliyeshtuka husahau anwani), saa na kiasi cha maziwa, dalili za kushiba. Dawa asitoe hata moja bila kuwapigia. Ya homa hupimwa kwa uzito: parasetamo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na nguvu ya dawa ya maji hutofautiana chupa kwa chupa, ndiyo maana kukisia kwa kijiko kunaua. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, ni hospitali moja kwa moja.

La faragha, usione aibu mwanangu. Wengi huambiwa wasubiri mpaka kile kipimo cha wiki sita, lakini mwili kuwa tayari na mtu kuwa tayari ni mambo mawili. Kunyonyesha kunashusha homoni ya estrojeni, uke unakuwa mkavu na hamu inapungua. Mumeo alijue hilo, si kwamba humpendi. Kilainishi cha maji kinasaidia sana, na ukavu ukizidi mwone daktari.

Mimba: kunyonyesha kunazuia kwa asilimia 98 pale tu mambo matatu yanapokuwepo pamoja, yaani hedhi haijarudi, mtoto hajafika miezi 6, na ananyonya tu mchana na usiku bila pengo refu, masaa 4 mchana na 6 usiku. Ukianza kazi pengo linaongezeka, na kukamua hakuaminiki sawa na kunyonyesha. Chagua njia nyingine kabla ya siku ya kwanza kazini. Vidonge vyenye estrojeni si chaguo la kwanza kwa anayenyonyesha kabla ya miezi 6. Vya projestini pekee, kipandikizi na kitanzi vinafaa.

tausi_mweupe
Mleta mada, usisahau hali yako mwenyewe. Machozi ya siku za mwanzo huisha ndani ya wiki mbili tangu kujifungua. Huzuni, kukosa raha, au kushindwa kulala hata mtoto akilala, ikidumu wiki mbili mfululizo, hiyo ni ya kupelekwa kliniki. Omba kipimo cha Edinburgh cha huzuni ya baada ya kujifungua, kipo tangu 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, dakika tano tu. Alama 13 na kuendelea zinahitaji uchunguzi wa karibu. Fikra za kujidhuru au kumdhuru mtoto hazisubiri alama, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

binti_wa_jioni
Titi likivimba ukiwa ofisini?

bi_mkunga
Kamua kiasi cha kupata nafuu, usikamue hadi tone la mwisho. Kitambaa baridi, si moto. Usilikande kwa nguvu, unaongeza uvimbe. Dawa ya maumivu kama parasetamo au ibuprofeni inaruhusiwa kwa anayenyonyesha, na mtoto aendelee kunyonya titi hilo hilo. Ukipata homa, baridi ya mwili, au masaa 24 yapite bila nafuu, mwone daktari.

mama_kifungua
Nimeelewa. La mwisho kabisa: siku ya kwanza ratiba ikaeje, na Jumamosi na Jumapili niendelee kukamua?

bi_mkunga
Mnyonyeshe dakika za mwisho kabla ya kutoka, hata kama ni nusu tumbo. Ofisini kamua mara tatu kila baada ya masaa matatu hivi, usiruke hata kama hujajaa, maana titi lisilokamuliwa linapunguza kazi. Mlezi asimpe maziwa saa ya mwisho kabla hujafika, ili umkute na njaa. Akianza kuamka zaidi usiku anafidia mchana. Hutokea sana wiki za mwanzo. Acha blauzi ya akiba ofisini, na iwe ya maua, nyeupe inaonyesha kila tone.

Wikiendi mnyonyeshe tu moja kwa moja, pampu ipumzike. Ulichokamua Ijumaa ndicho atakachokunywa Jumatatu, kwenye friji bado kiko ndani ya zile siku nne.